Mtunza Mzazi na Ujira Wake: Amri ya Nne Katika Nyumba Zetu za Leo

Utangulizi

Swali moja linazidi kuletwa mbele ya mabaraza ya wazee wa sharika, na mara nyingi mchungaji hulikuta akiwa hana jibu tayari. Swali lenyewe ni hili: Je, mtoto anayemtunza baba au mama yake mzee aweza kulipwa kwa kazi hiyo, naye akaendelea kuwa mtoto, asigeuke kuwa kibarua? Wengine husikia swali hili kama tusi. Husema kwamba mzazi halipiwi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakumtoza mtoto fedha ya maziwa. Wengine, hasa wale waliokaa kando ya kitanda cha mgonjwa miaka mingi, hunyamaza tu. Na katika kunyamaza huko mna uchungu ambao mchungaji mwangalifu hutambua.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo manne: hali ilivyo vijijini kwetu, malipo yaliyopo na yasiyopo, mafundisho ya Maandiko na ya Katekisimu, na mwisho namna mchungaji awezavyo kuisaidia familia ipatane kabla mambo hayajaharibika.

1. Hali ilivyo

Tuchukue vijiji vya Runazi na vingine vya wilaya za Biharamulo na Ngara. Watu wengi huko huishi kwa jembe. Mkulima aliyelima mihogo, mahindi, maharagwe na migomba maisha yake yote hafikii siku ya kustaafu, wala hana mfuko unaomlipa pensheni. Nguvu zinapomwishia, mfuko wake ni watoto wake. Lakini watoto wametawanyika: mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar es Salaam, wa tatu ameolewa mbali. Anayebaki nyumbani ni mmoja, naye kwa kawaida hakuchaguliwa na kikao chochote. Ni binti ambaye hakuolewa, au aliyeachika akarudi kwao; ni mkaza mwana ambaye mumewe yuko mjini; au ni mjukuu aliyeacha shule ili amwangalie bibi.

Kazi ya huyu mmoja ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mgeni anayefika siku ya Krismasi. Huchota maji, hutafuta kuni, hupika uji na kumlisha mzee taratibu, humwogesha na kumfulia, humgeuza kitandani ili asipate vidonda, humpeleka zahanati, na huamka usiku. Wakati huohuo shamba lake mwenyewe huota majani. Kibarua hawezi kwenda, wala biashara ya sokoni hawezi kuifanya. Miaka ikipita, yeye mwenyewe huwa maskini kwa sababu alitii. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ndugu walio mbali wanavyouona mzigo huu.

Mkoa wa Kagera una sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ule uliondoa watu wengi wa rika la kati, yaani wale hasa ambao wangewatunza wazee. Bibi akabaki na wajukuu: leo yeye anawalea, kesho wao wanamtunza. Katika nyumba nyingi za namna hiyo, anayemtunza mzee ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani.

2. Malipo yaliyopo na yasiyopo

Yatupasa kwanza kusema wazi kuhusu Serikali. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 11, inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, nayo inasema kwamba familia itaendelea kuwa msingi wa matunzo ya wazee, na makazi ya wazee yawe ni kwa wale wasio na mtu. Kwa maneno mengine, mzigo umewekwa juu ya familia. Lakini hakuna sheria ya Tanzania Bara inayomlipa mwanafamilia kwa sababu anamtunza mzazi.

Yako malipo mengine yanayokaribiana na hayo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, ulioanza mwaka 2012, na ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020, umezipa kaya maskini ruzuku, na wazee wengi wamo katika kaya hizo. Hata hivyo ruzuku ile ni ya kaya, tena ni kwa sababu ya umaskini wake. Si ujira wa mtunzaji. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikaongezwa. Kenya inao mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 umewahusu wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Katika mipango hii yote anayelipwa ni mzee mwenyewe, na mtunzaji hufaidika kwa kupitia kwake.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko Nshamba, wilayani Muleba. Huko, tangu mwaka 2003, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee maskini, hasa mabibi wanaolea yatima, pensheni ndogo ya kila mwezi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha wazee waliopata pensheni ile na wale wasioipata. Jina la ripoti lenyewe lilitaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Na hapo tunajifunza fedha kidogo inayofika kwa uhakika hufanya nini. Mzee mwenye fedha ya chumvi na sabuni haombi, na mjukuu anayemtunza hachoki upesi kama yule ambaye kila kitu hutoka mkononi mwake.

Nchi nyingine zimekwenda hatua zaidi. Uingereza ilianzisha mwaka 1976 posho kwa mtu anayeacha kazi ili amtunze mgonjwa, lakini wanawake walioolewa walinyimwa hadi mwaka 1986, kana kwamba kazi yao nyumbani haikuwa kazi. Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1995 mtu anayehitaji kutunzwa nyumbani aliweza kupewa fedha ambayo yeye humpa ndugu anayemhudumia. Tena bima humwekea mtunzaji huyo michango ya pensheni kwa masharti fulani. Jambo hili la pili linastahili kuangaliwa. Waliotunga sheria ile waliona kwamba anayemtunza mzee leo yuko katika hatari ya kuwa mzee fukara kesho.

Kwa hiyo kwetu sisi mlipaji hawezi kuwa Serikali kwa sasa. Swali linarudi nyumbani: Je, ndugu wamlipe ndugu yao?

3. Maandiko yasemavyo

Wanaokataa malipo hutegemea hoja yenye nguvu, na haifai kuidharau. Mtume anafundisha katika 1 Timotheo 5:4 kwamba watoto na wajukuu wajifunze kuwarudishia wazazi wao. Neno la Kigiriki linalotumika pale, *amoibe*, maana yake ni marejesho, yaani kulipa kile ulichopewa. Basi, husema hao, mtoto anayemtunza mzazi analipa deni. Na mwenye kulipa deni alipweje?

Hoja hii ni ya kweli, lakini haijafika mwisho wake. Ikiwa matunzo ni deni, deni hilo ni la nani? Mtume hasemi kwamba ni la binti aliyebaki nyumbani. Anasema ni la watoto na wajukuu, wote. Basi ikiwa wadeni ni watano, na mmoja akalipa deni lote kwa mikono yake, wale wanne hawajasamehewa. Wanadaiwa bado, na sasa anayewadai ni ndugu yao. Fedha wanayompa si bei ya upendo wake, bali ni sehemu yao wenyewe ya utii, ambayo wameshindwa kuitoa kwa mikono kwa kuwa wako mbali.

Maandiko hayaoni haya kuweka ujira na udugu mahali pamoja. Katika Kutoka 2:7-9 binti Farao anampa mama yake Musa kazi ya kumnyonyesha mtoto, naye anaahidi kumlipa. Mama yule alilipwa kwa kumlea mwanawe mwenyewe, na hakuna mahali popote Biblia inapomlaumu kwamba aliuza maziwa yake. Upendo wake haukuanza kwa ujira ule, wala haukupungua kwa sababu yake. Katika Mwanzo 29:15 Labani, ambaye hatumchukui kuwa mfano wa haki, anakiri jambo lililo sawa: udugu si sababu ya mtu kutumikishwa bure. Ubaya wa Labani haukuwa katika kutaja ujira, bali katika kuubadilisha mara kwa mara (Mwa. 31:7). Tena Msamaria mwema alimfunga mgonjwa majeraha kwa mikono yake, kisha akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na ahadi ya kulipa zaidi (Lk. 10:34-35). Huruma yake ilikuwa na mkono unaofunga jeraha, na mkono unaolipa.

Neno lenyewe la kuheshimu linatufundisha. Katika Kigiriki kitenzi *timao*, kuheshimu, kinatoka katika neno *time*, ambalo maana yake ni heshima na pia ni thamani au bei. Ndiyo sababu katika 1 Timotheo 5 Mtume aweza kuagiza kwamba wajane waheshimiwe, akiwa na maana kwamba wasaidiwe. Na katika mistari ya 17 na 18 aseme juu ya heshima maradufu ya wazee wa kanisa, kisha mara moja ataje ujira wa mtenda kazi. Heshima isiyogusa mfuko haijawa heshima kamili. Tutambue pia kwamba mjane aliyeandikwa katika orodha ya kanisa alipaswa kuwa na umri usiopungua miaka 60 (mst. 9), umri uleule ambao Sera yetu ya Wazee imeuweka.

Hatimaye tusome Marko 7:9-13. Bwana wetu anawakemea wale walioweka wakfu mali yao kwa Mungu, wakaiita Korbani, ili wasimsaidie baba wala mama. Neno hili linatugusa sisi wachungaji kwanza. Mkristo wa mjini anayesifiwa usharikani kwa sababu ya mchango wake wa ujenzi, na ambaye mama yake kijijini hana sabuni, anafanya Korbani. Na sisi tunaopokea mchango ule bila kumwuliza habari za mama yake tunamshikia chombo.

4. Katekisimu na wito

Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, akieleza Amri ya Nne, Luther anafundisha kwamba kuwaheshimu wazazi ni pamoja na kuwatumikia kwa mwili na kwa mali wanapokuwa wazee, wagonjwa au maskini. Anaitanguliza kazi hii mbele ya matendo ya watawa yaliyobuniwa na wanadamu. Binti anayemwosha mama yake anayo amri ya Mungu na ahadi yake. Yuko katika wito ulio mtakatifu. Hilo yatupasa kulihubiri, kwa maana wengi katika wito huu hudhani kwamba wamekosa maisha.

Lakini wito si kisingizio cha kumnyonya aliyeitwa. Mchungaji ameitwa, na bado usharika humlipa. Hata diakonisa wa kale tunaweza kuwataja hapa. Misheni ya Bethel, iliyofika Bukoba mwaka 1910, ilitoka mahali ambapo madiakonisa walihudumu bila mshahara wa kawaida. Walipewa fedha kidogo ya matumizi tu. Hata hivyo nyumba mama ilijifunga kuwatunza katika ugonjwa na uzee hadi kufa. Hakuna aliyewaambia watumikie bure, kisha wakaachwa njiani. Huduma isiyo na mshahara ilikuwa na ulinzi. Mtunza mzazi wa Runazi hana mshahara wala ulinzi.

Askofu Josiah Kibira, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, aliupa ukoo nafasi kubwa katika kulieleza kanisa la Bukoba. Nasi twaweza kuongeza kwamba ukoo unaoitana kwa ajili ya mazishi waweza pia kuitana kwa ajili ya walio hai.

5. Hatari za malipo

Tusidhani kwamba fedha huondoa dhambi. Ziko hatari tatu. Ya kwanza ni ya anayelipa: akituma fedha kwa simu hudhani amemaliza, asije kumwona mzazi mwaka mzima. Bwana Yesu msalabani hakumwachia mama yake fedha, alimpa mtu (Yn. 19:26-27). Mzazi anahitaji sauti na uso wa mtoto wake.

Hatari ya pili ni ya anayelipwa: mzee aweza kugeuzwa mradi. Fedha ya mzee ikipitia simu ya mtunzaji, na mzee asijue imeingia kiasi gani, uaminifu hujaribiwa. Ya tatu ni ya mzee mwenyewe, ambaye hupangiwa kila kitu bila kuulizwa, kana kwamba amekwisha kufa. Hatari hizi hazitufanyi tukatae malipo. Zinatufanya tuyaweke wazi, mbele ya mashahidi.

6. Ardhi na wosia

Mara nyingi familia hujibu kwamba mtunzaji atalipwa baadaye, kwa urithi. Hapa ndipo machozi mengi hutoka, kwa sababu mzee akifa, watoto wa kiume hurudi na kugawana shamba, na binti aliyemtunza huambiwa arudi alikoolewa.

Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti nyuma katika urithi, na zilimruhusu kutumia ardhi ya ukoo maisha yake bila kuiuza. Lakini katika shauri la Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, tarehe 22 Februari 1990, katazo hilo la kuuza lilionekana kuwa ni ubaguzi usiopatana na Katiba. Shauri lile lilitoka mkoani kwetu. Mwanamke huyo alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Na sababu iliyotajwa ni kwamba alikuwa anazeeka na hana wa kumtunza. Wanasheria hulikumbuka shauri hili kwa ajili ya haki za wanawake. Sisi tulikumbuke pia kwa ajili ya sababu ile: ukoo uliokuwa tayari kwenda mahakamani kuitetea ardhi ulikuwa haujapata mtu wa kumtunza mwenye ardhi. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi.

Jambo jingine halijulikani sana. Kanuni za wosia za mwaka 1963 zenyewe zinamruhusu mwenye kuusia kumnyima urithi mrithi ambaye, bila sababu ya haki, hakumtunza katika njaa au ugonjwa. Basi hata mila inatambua kwamba matunzo na urithi vina uhusiano. Lakini uhusiano huo hausimami wenyewe; unahitaji wosia uliofanywa mzee akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo. Ahadi ya mdomo iliyotolewa jikoni usiku, kwamba kipande cha karibu na mto ni cha binti, haitasimama siku ya arobaini. Mchungaji anayeombwa kushuhudia wosia asikimbie kwa kuogopa lawama. Lakini asikubali kamwe kuwa yeye au usharika wake wamo miongoni mwa warithi.

7. Mashauri kwa mchungaji

Mchungaji si mwajiri wala hakimu. Kazi yake ni kuwaita ndugu wakae pamoja mapema, si kando ya kaburi. Katika kikao hicho yafuatayo yatasaidia.

Kwanza, mzee aulizwe anataka kutunzwa na nani na wapi. Pili, kazi itajwe yote kwa jina, saa za usiku zikiwamo, pamoja na kile ambacho mtunzaji amepoteza. Tatu, kila mtoto aseme atatoa nini. Si lazima iwe fedha: mmoja alipe ada ya watoto wa mtunzaji, mwingine atoe vibarua wa kumlimia shamba, mwingine aje likizo yake amwachie mtunzaji mwezi wa kupumzika. Ili kupata kipimo, waulize kibarua wa kijijini angelipwa kiasi gani kwa siku kama hizo. Hawatafikia kiasi hicho, lakini watajua ukubwa wa kile wanachokipokea bure. Nne, fedha ya mzee na fedha ya mtunzaji zitengwe. Tano, mapatano yaandikwe, yasomwe kwa sauti, na yarudiwe kila baada ya nusu mwaka. Mtoto wa shule asiwe mtunzaji mkuu, hilo lisikubaliwe.

Usharika nao una sehemu yake. Tunapopeleka Chakula cha Bwana kwa mgonjwa, tumtazame pia yule anayetufungulia mlango, ambaye huenda hajafika ibadani kwa miezi. Kikundi cha diakonia kiweze kukaa na mzee Jumapili moja ili binti aende kanisani. Katika mafundisho ya Kipaimara Amri ya Nne ifundishwe si kwa watoto wadogo tu wanaotakiwa kutii, bali kama amri ambayo ugumu wake huja mtu akiwa na miaka hamsini. Na tukiwa watumishi wanaohamishwa huku na huko, tujiulize ni nani anayemtunza mzazi wetu sisi, na amepata nini.

Mwisho

Basi kwa swali tulilolianza twajibu hivi: mtunza mzazi aweza kulipwa, na mara nyingi imempasa kulipwa, na ndugu zake ndio wadeni wa kwanza. Akilipwa haachi kuwa mtoto. Bali wale wanaomlipa ndio wanaopata nafasi ya kuwa watoto tena. Mahali ambapo ndugu ni maskini kweli na hawana cha kutoa, deni hilo linakuwa la usharika, kama Mtume alivyoliagiza kanisa juu ya wajane walio wajane kweli. Pasipo hayo tutaendelea kumzika mzee kwa heshima kubwa, kwa magari na mashada, huku yule aliyemwosha miaka kumi akisimama nyuma ya umati akiwa hajui atalala wapi mwezi ujao.